Kina cha sentimita kumi

Kuchora nilifundishwa kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta ileile ambayo fundi baiskeli hupakia fremu. Huo ni urithi wa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 akafariki 1972. Muda wake ulikuwa mfupi, lakini mtindo unalisha familia mpaka leo. Ndani ya mtindo ule hakuna mbali wala karibu. Chui amesimama mbele ya rangi moja iliyopakwa kona hadi kona, mkia umepindwa ujaze nafasi, ndege amekaa panapobaki wazi. Twiga na kanga wanaweza kulingana kimo na asitokee wa kulalamika. Naupenda ubapa ule, na mtu asisome haya akadhani nimekuja kuusema vibaya. Ila mimi ni wa Morogoro, nimekulia chini ya Uluguru, na milima ile ina jambo ambalo hadibodi moja ilikuwa hainitoshei.

Kiangazi, vumbi na moshi wa mashamba vikiwa hewani, mgongo wa kwanza wa mlima unauona kijani kabisa, miti yake unaweza kuihesabu. Wa pili kijani chake kimechujuka. Wa tatu ni bluu. Wa nne unaukisia tu. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi migongo yote minne imesogea karibu na kijani kimerudi hadi kule nyuma. Mlima uko palepale. Kilichobadilika ni hewa iliyo kati yako na mlima. Leonardo da Vinci aliliandika hili miaka 500 iliyopita: kilicho mbali kipake bluu zaidi, ukipunguzie makali. Hewa hutawanya mwanga, na wa bluu hutawanywa zaidi kuliko mwekundu, kwa hiyo kadiri hewa inavyozidi ndivyo pazia la bluu linavyozidi kuwa zito.

Mimi nilitaka hewa hiyo iwemo ndani ya picha yenyewe, si kuiigiza kwa brashi peke yake.

Akriliki, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, niliijulia kazini. Nilikuwa nachora mabango kwenye karakana moja ya Dar es Salaam, na pale shiti za futi nane kwa nne zilikatwa kwa leza mchana kutwa: herufi za saluni, za maduka ya dawa, za makanisa. Mabaki yalikuwa ya anayeyataka. Nikawa nayapanga juu ya meza, moja nyuma ya nyingine, nimeweka vizibo vya soda katikati ili yaachane, na kila moja nimechora mgongo mmoja wa mlima. Ukitazama kwa jicho moja bila kutikisika, unaona picha ya kawaida tu. Ukisogeza kichwa, milima inaachana.

Watu wakiona kazi hizi swali lao la kwanza ni moja: shiti ngapi? Wanadhani siri iko kwenye wingi. Lakini kila shiti inakula mwanga. Akriliki safi, hata iwe mpya kutoka kwenye karatasi yake, hupitisha asilimia 92 hivi ya mwanga. Kila uso unarudisha takriban asilimia 4, na shiti ina nyuso mbili. Panga tano, unabaki na asilimia 66. Panga kumi, asilimia 43, na hapo hujapaka hata tone la rangi. Shiti za nyuma zinakufa. Zaidi ya hapo, nyuso ishirini zinarudisha ishirini ya kila kitu kilichoko chumbani: dirisha, taa, shati la anayetazama. Mimi nasimama kwenye tano, mara chache sita.

Na katika hizo tano, kazi kubwa ni kuacha. Shiti ya mbele nikiijaza, zilizo nyuma zimekwisha. Kwa mtu aliyelelewa na Tingatinga hili lilikuwa gumu mkononi kuliko kichwani, maana sisi tulifundishwa kuogopa nafasi tupu. Ukiona pengo unatia ua. Hapa pengo ndilo linalofanya kazi. Shiti ya mbele kwenye picha zangu za Uluguru huwa na tawi moja upande wa kushoto na majani machache chini. Basi. Robo ya eneo haifiki. Mgongo wa kwanza uko kwenye shiti ya pili na unaishia chini ya katikati. Kila shiti inainuka kidogo kuliko ile iliyo mbele yake, na anga ni ya shiti ya mwisho peke yake.

Kuna hesabu ndogo ambayo ningependa kila anayeanza aijue, ni ya pembetatu za darasani tu. Mtazamaji akisimama mita 1 kutoka shiti ya mbele, akasogeza kichwa sentimita 10 pembeni, kitu kilichoko sentimita 2 nyuma ya shiti hiyo kitaonekana kuhama kama milimita 2. Kilichoko sentimita 10 nyuma kitahama milimita 9. Kwa rula milimita 2 si kitu. Kwa jicho zinatosha, kwa sababu jicho halipimi umbali, linakamata tofauti ya mwendo. Hata ukisimama wima usitikisike, macho yako mawili yameachana zaidi ya sentimita 6, na kila moja linaona mpangilio wake. Lakini mrudishe mtazamaji hadi mita 3, na kwa pengo la sentimita 2 tofauti kati ya jicho na jicho inashuka chini ya nusu milimita. Ndiyo maana kazi ya sebuleni na kazi ya ukumbi wa hoteli hazipimwi kwa rula moja. Mteja akiniambia anataka picha ya ukutani, juu ya ngazi, watu wapite wakiitazama kwa mbali, namwambia pengo la sentimita 2 atakuwa amenunua bure.

Mapengo yenyewe yasilingane. Hili nililipata kwa kupanda basi. Dar kwenda Morogoro, nguzo za kando ya barabara zinapita mbio, miti ya nyuma yake inapita taratibu, na Uluguru ukishaanza kuonekana hautikisiki kabisa. Vitu vya karibu vinaachana sana kwa mwendo. Vya mbali vinakwenda pamoja. Kwa hiyo kwenye sanduku langu la sentimita 10 naweka pengo la 4 kati ya shiti ya kwanza na ya pili, kisha 3, kisha 2, kisha 1. Ukiyagawa sawasawa, mgongo wa tatu na wa nne wa mlima vinachezacheza kama matawi ya bustani, na jicho, hata kama mwenyewe hajui kwa nini, linakataa.

Wachora katuni walikwisha kuyajua haya zamani. Lotte Reiniger, Mjerumani aliyekata maumbo ya vivuli kwa mkasi, katika miaka ya 1920 alikuwa akiyapanga juu ya vioo vilivyoachana na kuyapiga picha kutoka juu. Studio ya Walt Disney mwaka 1937 ilikuwa na mtambo mkubwa wa kamera iliyotazama chini kupitia vioo vilivyochorwa, kila kimoja kikisogezwa kwa kasi yake. Tofauti ni kwamba wao waliendesha vioo mbele ya kamera. Kwangu mimi anayeendesha ni mtazamaji, na siwezi kumwamuru asimame wapi.

Kutokana na hilo kuna sheria mbili ambazo sizivunji. Ya kwanza: kilichofichwa nyuma ya mti lazima kichorwe. Mgongo wa mlima unaopita nyuma ya tawi naumaliza wote, hata pale ambapo ukitazama katikati hauonekani, kwa sababu atakayekuja kwa ubavuni ataona. Ya pili: shiti za nyuma ziwe kubwa kuliko dirisha la fremu. Anayetazama kwa pembe ya nyuzi 45 ndani ya sanduku la sentimita 10 anaona sentimita 10 zaidi ya ukingo. Kama picha imeishia ukingoni, ataona ubao wa seremala.

Tatizo ambalo lilinisumbua muda mrefu kuliko yote ni ubapa wa vitu vyenyewe. Nafasi kati ya mti na mlima ilikuwepo, nzuri, lakini mti ulikuwa mti wa karatasi uliokatwa, na mlima vilevile. Kina kilikuwa kati ya vitu, ndani ya vitu hakimo. Nilikuja kupata njia kwa kutazama kazi za Xia Xiaowan, msanii wa Uchina, ambaye huchora sura ya mtu kwa kuigawa kwenye vioo vingi: kila kioo kina sehemu tu ya uso ule, ukikitazama peke yake ni mabaka, vikisimama kwenye mstari unapata kichwa chenye mzunguko. Wanasayansi nao walikuwa na jambo kama hilo. Dorothy Hodgkin alipokuwa anatafuta umbo la penisilini kule Oxford katika miaka ya 1940, vipimo vyake vya miale ya eksirei vilichorwa kama mistari ya kontua kwenye shiti za akriliki, shiti kwa kila tabaka la molekuli, zikapangwa moja juu ya nyingine hadi umbo likaonekana. Kila shiti ni mkato. Hakuna shiti yenye kitu kizima.

Basi mti wangu nikaupasua. Majani yanayonielekea yako shiti ya kwanza, shina na matawi makubwa shiti ya pili, majani ya nyuma, yaliyopauka zaidi, shiti ya tatu. Mti mmoja, shiti tatu. Tangu hapo sijawahi tena kusikia mtu akisema miti yangu imebandikwa. Milima siipasui, kwa sababu mlima wa mbali hata kwa macho ni bapa. Ukiupasua unaufanya kichuguu.

Kuhusu rangi. Mimi nachora nyuma ya shiti, si mbele, kama wanavyofanya wachoraji wa vioo wa Senegal, ili uso unaotazamwa ubaki laini na rangi ilindwe. Ukichora nyuma, mpangilio wote unageuka: unaanza na nukta ya jicho la ndege, kisha jicho, kisha kichwa, na mwili wa rangi moja unakuja mwisho. Mkono uliozoea kupaka mandhari kwanza na madoadoa mwisho unapinga kwa wiki kadhaa. Mwisho kabisa napaka nyeupe nzito nyuma ya kila umbo la mbele, la sivyo mlima unaonekana ndani ya tumbo la ndege. Migongo ya mbali siipi nyeupe hiyo. Ikipitisha mwanga kidogo ndiyo vizuri.

Rangi ya mafuta niliyolelewa nayo niliiacha kwa sababu ya thina. Thina inakula akriliki, inaiacha na ukungu na nyufa za nywele. Hata spriti, ambayo watu wengi hufutia vioo, ikigusa ukingo uliokatwa kwa leza inaweza kuupasua papo hapo, kwa kuwa joto la leza limeacha mkazo pale. Jaribu kwenye kipande cha mabaki utaona mwenyewe. Natumia rangi ya akriliki ya maji, nasugua msasa laini palepale rangi itakapokaa, na nafutia maji, sabuni kidogo na kitambaa laini.

Na kioo je? Kioo kina maneno yake. Nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu kuulizia vipande vitano vya milimita 4, sentimita 60 kwa 60. Akanionyesha ukingo.

"Kaka, hiki kwa mbele utaona cheupe. Kitazame ubavuni, kijani. Ukipanga vitano unapata bahari."

"Bahari ndiyo naitaka, fundi."

"Basi kama ni hivyo, sina shida na wewe. Ila kubeba ni juu yako."

Ukijani ule ni chuma kilichomo kwenye mchanga wa kutengenezea kioo, na chuma hicho hufyonza wekundu. Maji ya bahari nayo hufyonza wekundu kwanza; mzamiaji akishuka mita chache tu, samaki mwekundu anageuka kahawia. Kwa hiyo kwenye picha ya matumbawe, vioo vitano vya dirisha vinanifanyia kazi ambayo kwenye akriliki ningeifanya kwa brashi. Samaki wekundu nawaweka kwenye kioo cha mbele, na hata nikirudia wekundu uleule kwenye kioo cha mwisho, hautoki uleule. Kwa milima sitaki kioo, ukijani wake hauendani na bluu ya mbali. Na kubeba kweli kulikuwa juu yangu: kila kipande kina kilo 3.6, vitano ni kilo 18 kabla ya fremu. Akriliki ya ukubwa huo haifiki nusu ya uzito.

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisimwage rezini, ule utomvu wa kiwandani unaomwagwa ukiwa majimaji kisha ukaganda na kuonyesha kama kioo, tabaka kwa tabaka, kama Riusuke Fukahori wa Japani anavyochora samaki wake wa dhahabu hadi mtu anataka kutia mkono. Rezini ina faida kubwa, haina nyuso za katikati za kurudisha mwanga. Lakini kitu kigumu kinachopitisha mwanga hufupisha kina: sentimita 10 za rezini au akriliki nzima, ukitazama kwa mbele, zinaonekana kama sentimita 6.7. Maji nayo hufupisha, hivyo samaki ndani ya rezini yuko nyumbani. Mlima unataka hewa.

Taa. Ukiwasha mbele, kwa pembe, rangi ya shiti moja inatupa kivuli kwenye shiti ya nyuma yake, na kwa pembe ya nyuzi 45 kivuli kinahama kiasi kilekile cha pengo. Kwa miti na ndege kivuli hicho ni cha thamani, kinaliambia jicho kuwa kuna nafasi. Kwa milima kinaua kila kitu: mlima wa kilomita ishirini hauwezi kuangusha kivuli juu ya anga. Kwa milima nawasha nyuma, ubao mweupe wenye taa za mkanda za LED, na mwanga ule unaokuja kutoka ndani unazidi nguvu ule unaorudishwa na nyuso, kwa hiyo shati la mtazamaji linapotea. Kuna njia ya tatu, ya kuwasha ukingoni: mwanga unaingia ubavuni mwa shiti na kubaki humo, ukidunda kati ya nyuso mbili, mpaka ukutane na mkwaruzo ndipo utoke. Mistari iliyochongwa kwa leza inang'aa yenyewe na shiti inabaki tupu. Ni ujanja mzuri. Binafsi naona bluu na waridi za namna hiyo zimekwisha kuwa mali ya baa, lakini nyeupe hafifu kwenye mistari ya mvua niliwahi kuitumia na nitaitumia tena.

Fremu zangu zinatoka Keko, kwa maseremala wa Dar es Salaam. Seremala nilimwomba mfereji uwe mpana kuliko shiti, akaniangalia kama sijui kipimo. Lakini akriliki hutanuka: urefu wa mita 1, joto likipanda nyuzi 20, unaongezeka milimita 1.4 hivi. Ukiibana inapinda, na shiti iliyopinda inaharibu mapengo yote. Nyuma naacha matundu, maana unyevu wa pwani ukifungiwa ndani unageuka ukungu. Na matundu hayo nayaziba kwa wavu, maana penye taa usiku kuna wadudu, na penye wadudu kuna mjusi. Mjusi ndani ya picha ya Uluguru ni mkubwa kuliko mlima.

Wavu huo mdogo ndio ulionipeleka ninapofanyia kazi sasa. Nimeanza kunyoosha chandarua kwenye fremu za mbao badala ya baadhi ya shiti. Hakirudishi mwanga kama kioo, hakina uzito, hakipasuki njiani. Cheusi, kikiwashwa kutoka nyuma, kinakaribia kutoonekana, na rangi iliyogandishwa juu yake inaelea. Cheupe, kikimulikwa kidogo kwa mbele, kinatia weupe juu ya kila kilicho nyuma yake, yaani kinafanya ileile kazi ya vumbi la kiangazi: cheupe kimoja kati ya mgongo wa pili na wa tatu, na wa tatu umesogea mbali bila mimi kuugusa. Shida ni kwamba vyandarua viwili vikifuatana, matundu yao yanagongana na kutoa mawimbi yanayotembea mtazamaji akisogea, na mawimbi hayo yanameza mlima. Kukigeuza kimoja mshazari kunayafanya mawimbi yawe madogo zaidi. Kuchanganya chenye matundu makubwa na chenye matundu madogo kumesaidia zaidi. Kwa sasa natumia kimoja tu kwa kila sanduku, na zilizobaki ni akriliki.